Chesisi kwanza, rangi baadaye

Wadau, nipo likizo Tabora, mikono inanuka grisi. Baba mdogo anafufua pikapu yake uani chini ya mwembe, Landrover 109 ya miaka ya 70. Juzi kaleta rangi ya kijani. Kuna mteja wa Sikonge anaitaka, abebee magunia ya karanga na watu juu yake.

Mie nilikataa, na hapa narudia. Bodi ya Landrover ni aluminiamu, kutu haiiwezi. Chesisi ni chuma, na hii yetu kwa nyuma imeoza, bisibisi inapenya! Kuipaka rangi hivyo ni kuuza jeneza.

Enzi za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa hapa. Mzigo ulikaa begani, haukukaa kwenye nguo.

Akate palipooza, achomelee chuma kipya, ndipo tuongee rangi. Najua hela itachelewa, na ada yangu inatoka humo humo. Basi ichelewe.

Baba mdogo kanuna siku mbili: "Ualimu wako unaanzia kwangu?" Leo asubuhi nimemkuta kalala chini ya gari na tochi, anagonga chesisi kwa nyundo. Kopo la rangi halijafunguliwa.

Nyie mngefanyaje?