Kompaila haina kosa, chalii

Huku Chuga baridi imerudi, Meru haijaonekana tangu juzi, na kwenye lab yetu kumezuka mchezo ambao leo nausema hata kama kuna watakaoninunia.

Mtu anaandika maktaba ya C++, testi zote zinapita kwenye laptop yake. Akija lab, testi moja inagoma. Basi anatangaza "hii kompaila mbovu", anaifungia testi ndani ya #ifndef, ripoti inakuwa kijani, huyoo anakwenda kula chipsi mayai. Jamani!!

Chukua kundi moja hapa chuoni (sitaji majina, wanajijua). Maktaba yao inasoma takwimu za kituo cha hali ya hewa, kila mstari una mvua halafu joto. Waliandika hifadhi(soma(f), soma(f)). Mwenye Mac, yenye Clang, akapata sawa. Kwenye mashine za lab zenye Linux na GCC, mvua ikawa joto na joto likawa mvua. Hapo GCC haina kosa hata kidogo. Kanuni za C++ hazisemi kati ya hizo soma(f) mbili ipi itangulie. Clang huanzia kushoto, GCC kwenye mashine kama zetu mara nyingi huanzia kulia, na zote mbili ziko ndani ya sheria. Dawa yake ni rahisi: soma mvua kwenye mstari wake, soma joto kwenye mstari wake, ndipo uhifadhi.

Sasa fikiria siku ya masika upande wa Tengeru, mvua milimita 21, joto nyuzi 18. Zikibadilishana nani atashtuka? Zote zinaaminika! Hata ukiwasha -Wall, kimya. Testi ile ilikuwa shahidi pekee, nao wakamziba mdomo.

Kichekesho chenyewe hiki hapa. Waliandika #ifndef __GNUC__ wakidhani wanairuka GCC tu. Clang nayo hujitambulisha kwa jina hilohilo, ili msimbo ulioandikwa kwa ajili ya GCC uikubali. Kwa hiyo testi haikuendeshwa lab, wala kwenye Mac. Wiki nzima watu wanapongezana kwa testi isiyokuwepo, dah.

Najua kuna atakayesema kompaila nazo zina makosa. Zinayo, sikatai. Na kuna mambo ya katikati: ripoti namba 323 ya GCC, ya mwaka 2000, ilihusu desimali kwenye prosesa za Intel za biti 32. Namba ikiwa ndani ya prosesa hubeba biti 80, ikiandikwa kwenye memori hubaki na 64, basi jibu linabadilika kidogo ukiwasha -O2. Watu walibishana miaka na miaka. Aliyelinganisha desimali kwa == aliumia, na testi yake ilihitaji kuruhusu tofauti ndogo. Kufutwa haikuhitaji.

Ukithibitisha kweli kompaila ndiyo yenye kosa, punguza msimbo mpaka ubaki mistari kumi, wapelekee wenyewe, halafu iandike testi kuwa inatarajiwa kufeli kwa kompaila ile, toleo lile, namba ya ripoti pembeni. Lakini iendelee kuendeshwa! Siku ikipita ghafla utajua wamerekebisha. Wenzetu wa Boost wana faili zima la XML la kuorodhesha testi zinazojulikana kufeli, kompaila kwa kompaila, na sababu zake. Hapo hakuna kilichofichwa, kila mtu anasoma.

Na walimu wanaotoa maksi kwa kuangalia kijani tu bila kuhesabu testi ngapi zimeendeshwa, nanyi mmo. Mnatufundisha kudesa kwa kutumia mashine.

Chalii, kama unasoma hapa, faili lenu lina #ifndef nyingine tatu. Anzeni na ile ya tarehe.