Kupe kaniumbua mbele ya mchumba!

Mimi sasa mzima, japo wiki tatu zilizopita ungenikuta nimejikunyata kitandani kama kifaranga aliyenyeshewa. Usicheke kwanza. Kisa chenyewe kina fundisho, hasa kwenu watoto wa mjini mnaopenda kwenda kupunga upepo msituni mwishoni mwa wiki.

Jumamosi moja mimi na washikaji tulitimka hadi msitu wa Pugu, kule Kisarawe. Mchumba nilimwambia nina kazi ya ziada ofisini. Ukweli ni kwamba siku hiyo alitaka twende kwa shangazi yake nikajitambulishe, nami roho ilikuwa bado inasitasita. Wanaume tuna mambo!

Tukatembea, tukapiga picha, tukakatiza kwenye majani marefu, mimi na kaptula yangu. Jioni naoga, nakuta kitu kama punje ya mtama kimejibandika kiunoni, pale mkanda unapokaa. Nikakinyofoa kwa kucha, nikakitupa chooni. Kosa la kwanza hilo.

Siku ya saba kichwa kikaanza kunigonga, shingo inauma, homa juu. Mchumba akaja mbio na uji, akanikokota hadi zahanati. Malaria ikapimwa, hakuna. Dokta akauliza, "Uliingia porini hivi karibuni?" Mchumba kanikodolea macho. Nikajibu, "Hapana dokta. Mimi na ofisi, ofisi na mimi." Kosa la pili, na hilo ndilo lingeniponza.

Dokta hakuridhika. Akaniambia nivue shati. Kiunoni akaona kidonda kidogo chenye kigaga cheusi katikati, kama nimechomwa na sigara, na tezi za kinenani zimevimba. "Hii alama ya kupe," akasema. "Kwani huko ofisini kwenu mnafuga ng'ombe?" Weee! Nilitamani sakafu ipasuke nizame.

Nikatapika yote. Dokta akasikitika kwamba nilimtupa kupe mwenyewe, maana kumtambua kunasaidia. Akanipa somo, nami nakupa wewe bure.

Kupe hana mabawa wala haruki. Kikiruka, huyo ni kiroboto. Kupe ni ndugu wa buibui: mkubwa ana miguu minane, ila mtoto aliyetoka kwenye yai ana sita tu, naye ni mdogo kama nukta. Kupe wa kwenye majani ana ngao ngumu mgongoni, na mdomo wake unauona ukimtazama kwa juu. Dume ngao imemfunika mgongo mzima. Jike imemfunika mbele tu, ili tumbo lipate nafasi ya kuvimba kwa damu. Ukimwona mwenye pete nyeupe miguuni na mgongo wa rangi ya chungwa wenye michoro ya giza, huyo ni dume wa jamii inayoeneza homa iliyonilaza. Yule wa kahawia tupu anayependa masikio ya ng'ombe ndiye mwenye ndigana kali, lakini ugonjwa huo binadamu hatuupati.

Usimchanganye kupe huyu na papasi. Papasi hana ngao, ngozi yake ina mikunjo, na mdomo umejificha chini ya mwili. Yeye huishi kwenye nyufa za nyumba za udongo, hutoka usiku kunyonya, kisha hurudi mafichoni. Homa yake hupoa ukadhani umepona, halafu inarudi. Ndiyo iliyomuua mtafiti Mwingereza Joseph Dutton huko Kasongo, Kongo, mwaka 1905, akiwa anaichunguza.

Sasa ukimkuta kupe mwilini, usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta ya taa, wala usimminye kwa vidole. Chukua kile kikoleo dada zetu wanachong'olea nyusi, mbane karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja taratibu. Nawa kwa sabuni. Kisha mbandike kwenye karatasi kwa selotepu, andika tarehe na mahali. Homa ikija ndani ya wiki mbili, nenda naye hospitali. Na kila ukitoka msituni jikague: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti.

Mimi nilipewa doksisaikilini, homa ikashuka baada ya siku mbili. Usikimbilie kujinunulia dukani, muone dokta kwanza.

Mchumba je? Alininyamazia siku nne. Ya tano akaniambia, "Pugu haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba uliona bora uumwe kuliko useme ukweli mbele yangu. Ungekufa na siri yako, mimi ningewaambia nini wazazi wako?" Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata nikavaa shati la mikono mirefu, tukaenda kwa shangazi.

Msomaji wangu, mchumba mdanganye ukipenda, utajua mwenyewe. Dokta usimdanganye.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Mimi na mchumba tunarudi Pugu, safari hii suruali ndefu nyeupe, tumeichomeka ndani ya soksi!