Papa hataki kula



Juma lililopita nilipata ujumbe ulionishtua moyo. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 11, anaishi na wazazi wake Ubelgiji. Kila mara namwambia aniandikie kwa Kiswahili, lugha isimpotee. Basi akaandika: "Mama mdogo, papa hataki kula tangu siku nne. Naogopa atakufa."

Nikafikiri shemeji yangu ni mgonjwa. Nikapiga simu haraka. Kumbe shemeji ni mzima, anakula bugali yake vizuri! Mtoto alitafuta "requin" katika kamusi, akakuta Kiswahili bora kinasema "papa". Tulicheka wote, lakini yeye alikuwa analia kweli.

Baba yake alimnunulia yai la rekini wa aina ndogo, ambaye kwao ni bahari za Asia hadi kaskazini ya Australia. Yai lake halina gamba kama la kuku; ni mfuko mgumu kama ngozi. Waliliweka katika sanduku la kioo lenye maji ya chumvi, wakangoja majuma mengi. Hatimaye rekini akatoka, urefu wa kalamu, na mistari myeusi na myeupe.

Kwa furaha, mtoto akaanza kumlisha siku ileile: vipande vya kamba asubuhi, mchana na jioni. Rekini hakugusa kitu. Vipande vikalala chini, maji yakachafuka na kunuka. Sasa mtoto alitaka mama yake amfungue rekini kinywa kwa nguvu.

Niliuliza mwenzangu anayefundisha biolojia. Alisema: mwache! Rekini aliyetoka sasa hivi katika yai bado ana kiini cha yai ndani ya tumbo. Hiyo ndiyo posho aliyofungiwa na mama yake. Anaweza kukaa siku nyingi, hata kupita juma moja, bila kula. Hatari haikuwa njaa. Hatari ni chakula kinachooza, kwa sababu kinatoa amonia, nayo ni sumu kwa samaki.

Tukampa mtoto kazi. Aondoe mabaki yote, kisha abadilishe sehemu ya maji kwa maji safi yenye chumvi na joto lilelile. Apunguze mwanga. Ajaribu mara moja tu kwa siku, jioni, maana rekini huyu hujificha mchana na kutembea usiku. Kipande kiwe kidogo kuliko kinywa chake: kamba, ngisi au samaki wa bahari, kibichi, bila mafuta wala viungo. Kama kimetoka katika friji ya barafu, kiyeyuke kwanza. Akisogeze karibu na pua kwa kijiti kirefu, kwani rekini hutafuta chakula kwa harufu. Akikataa, akitoe na kungoja kesho. Akizoea kula, abadilishiwe vyakula. Aina moja tu kila siku haimtoshi, kama vile bugali peke yake haimtoshi mtoto wetu.

Siku ya tisa ujumbe ukaja: "Mama mdogo, amekula!"

Sasa wamama, tusikie vizuri. Mtoto wetu si rekini. Yeye hana kiini tumboni cha kumngojesha. Awekwe kwenye titi ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, na anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi 6, bila maji wala uji. Lakini woga wa yule kijana naufahamu. Nimeona mtoto wa miezi miwili analia, na nyanya yake anakimbilia uji. Nyanya alikuwa na upendo, kama kijana na kamba zake. Ila upendo usiouliza unaweza kuchafua maji. Kabla ya kutia kitu kinywani mwa mtoto, tujiulize: ni mwili wake unaoomba, ao ni woga wetu?

Na kijana wetu? Amesoma kwamba rekini wake atafika karibu metre moja. Sasa baba yake anapima salon, akitafuta mahali pa sanduku kubwa. Swali hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya kununua yai.

Tuonane juma lijalo.