Zana Zinazoundwa Wodini Zisiachwe Yatima

Katika kliniki nyingi za magonjwa sugu, majina ya wagonjwa waliokosa kuhudhuria bado hutafutwa kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa wa daftari. Mgonjwa wa kisukari asiyerudi kuchukua insulini huweza kugunduliwa akiwa amekwisha kulazwa. Si ajabu, basi, kwamba wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara wameanza kujiundia zana zao kwa programu zisizohitaji kuandika msimbo. Mtumiaji hupanga visanduku kwenye kioo cha kompyuta, huviunganisha na jedwali, na baada ya siku chache hupata fomu inayofanya kazi hata kwenye simu.

Mwelekeo huo unastahili kuungwa mkono. REDCap, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani mwaka 2004, imewawezesha watafiti wa tiba wasiojua kuandika programu kuunda fomu zao wenyewe. Mifumo mikubwa kama DHIS2 hujibu hasa maswali ya wilaya na wizara: wagonjwa ni wangapi, dawa zimetumika kiasi gani. Muuguzi wa zamu ana swali jingine: nani alipaswa kuja leo na hajafika? Anayeishi na swali hilo kila siku ndiye anayejua fomu iulize nini.

Hata hivyo, urahisi wa kuunda zana si ushahidi wa usalama wake. Mwaka 2020 nchini Uingereza, matokeo 15,841 ya watu waliothibitika kuwa na UVIKO-19 yalikosekana katika takwimu za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani lilikuwa limefikia ukomo wa safu zake. Waathirika walipewa majibu yao, lakini ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ulichelewa. Faili halikulalamika; lilinyamaza tu. Hiyo ndiyo hatari ya zana isiyo na mkaguzi.

Hatari ya pili ni uyatima. Aliyeiunda zana huhamishwa kituo, naye huondoka na nywila. Hatari ya tatu ni siri ya mgonjwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Orodha ya wanaotumia dawa za kufubaza VVU haipaswi kukaa katika akaunti binafsi ya mtumishi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Kupiga marufuku si dawa, kwani kutazisukuma zana hizo mafichoni. Kinachohitajika ni utaratibu mfupi. Kila zana isajiliwe kwa mganga mfawidhi. Iwe na wasimamizi wawili, na akaunti iwe ya kituo. Ihifadhiwe nakala rudufu, na kila mwezi idadi yake ilinganishwe na daftari la MTUHA. Ianze na mambo yasiyomtaja mgonjwa, kama vile akiba ya dawa, ratiba za zamu na matengenezo ya vifaa. Taarifa za wagonjwa zifuate baada ya mtaalamu wa TEHAMA kuikagua. Zana inayokokotoa dozi au kupendekeza tiba isitumike kabisa bila uthibitisho rasmi, kwa kuwa kosa moja katika kanuni yake hurudiwa kwa kila mgonjwa.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Anapoona taarifa zake zikiingizwa kwenye simu ya mhudumu, ana haki ya kuuliza zinahifadhiwa wapi na nani anaweza kuzisoma. Kituo kisichoweza kumjibu hakijawa tayari kuitumia zana hiyo.