Noti haina mdomo!

Wiki hii nimetokea kwenye saluni moja ya akina dada maeneo ya Sinza (usiniulize nilifuata nini, nilimsindikiza mtu) na huko nimeokota jambo ambalo mabenki yetu, pamoja na mabango yao yote ya barabarani, sidhani kama yamelishtukia.

Dada mmoja kamaliza kusukwa, rasta mpaka kiunoni, bei elfu 35. Kwenye pochi ana kadi ya benki inang'aa. Kwenye simu hela ipo. Ukutani pamebandikwa lipa namba, kubwa kama namba ya basi. Lakini dada wa watu kainama, kafungua zipu ya ndani kabisa, katoa wekundu wa Msimbazi 3 na buku tano moja, kalipa. Mimi na kiherehere changu nikamuuliza, "Dada'angu, sasa hiyo kadi ni ya urembo?"

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Kaka, nikilipa kwa kadi meseji inaingia. Na simu yangu nyumbani ina wasomaji wawili."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Lakini kile kilikuwa kicheko cha watu wanaoyajua hayo mambo, maana kila mmoja akaanza kutoa lake.

Dada akanisimulia, huku anafunga kitambaa kichwani. Mwaka jana alikuwa anajiwekea kidogo kidogo kutokana na vitenge anavyouza, lengo lake friji aanze biashara ya juisi. Ikafika laki 8. Siku moja kanunua viatu vya mtoto, kalipa kwa simu, meseji ikaingia wakati yuko bafuni. Mzee wa nyumba akaisoma. Viatu wala hakuvijali, alichokitazama ni ule mstari wa mwisho: salio lako jipya ni... Basi! Wiki iliyofuata hela ya matumizi haikuonekana mezani. Alipouliza akajibiwa, "Si unazo? Tumia hizo kwanza." Ndani ya miezi 3 friji ikawa imeliwa kama unga, mafuta na umeme. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyegombana. Na friji hakuna.

Siku hizi pesa yake yote inapita kwa wakala moja kwa moja, inatoka ikiwa noti, inaingia kwenye kibubu kilichoko kwa mama yake mzazi. "Kibubu hakina salio," akasema. Nikakosa la kujibu.

Ukifikiri sana, huu si ugunduzi mpya. Bibi zetu walifunga hela kwenye pindo la kanga, na mtu wa kulifungua pindo lile hakuwepo. Sasa tumeletewa pindo la kisasa linalopiga kengele kila likifunguliwa, na linatangaza kilichobaki ndani! Halafu mtu wa keshi anaitwa mshamba.

Vijana wa kiume msicheke, na nyie mmo. Ukilipa bili kwa kadi mbele ya washkaji umeshajitangaza kwamba benki kuna kitu, na kesho asubuhi mizinga inaanza: mmoja kodi, mwingine mtoto anaumwa, wa tatu hata sababu hatoi. Ukiwa na noti unafungua waleti, unaonyesha elfu 20 iliyobaki, kila mtu anaelewa.

Tena kuna makato. Nenda Kariakoo uulize bei ya suruali, utaambiwa elfu 25, mtavutana mpaka 20, halafu ukisema "natuma kwa simu" muuzaji anakuambia "weka na ya kutolea." Punguzo lako limeshaanza kuliwa! Na watu hawajasahau tozo ya miamala iliyoanza Julai 15, 2021, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja. Kelele zikawa kubwa, Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30 na baadaye ikapunguzwa tena. Lakini mtu akishaungua na uji hata maziwa ya baridi anayapuliza. Wapo walioondoka kwenye simu mwaka ule na hawajarudi kwa moyo wote.

Siongelei sana habari ya mashine kugoma, kila mtu anayo yake. Mshkaji wangu alikuwa baa na mtoto mkali, mashine ikasema haijapokea, simu ikasema imekatwa. Akalipa tena kwa hela aliyokopa kwa mhudumu. Pesa yake ilirudi baada ya wiki 3. Mtoto mkali hakurudi.

Ila Mei 12, 2024 nitaitaja, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika na mtandao ukayumba nchi nzima. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa kwa siku kadhaa. Mtaani kwetu mwenye noti alinunua unga na mkaa. Mwenye kadi tu alikuja kugonga mlango wa mwenye noti, na alibisha hodi kwa adabu sana.

Hata wazungu wanalijua hili la noti kuuma ikitoka. Mwaka 2001 wasomi wawili wa chuo cha MIT kule Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walitoa utafiti wao. Waliwanadia wanafunzi tiketi za mpira wa kikapu wa Boston Celtics. Walioambiwa watalipa keshi waliweka kwa wastani dola 28 na ushee. Walioambiwa watalipa kwa kadi wakaweka zaidi ya dola 60. Tiketi zilezile! Sisi tusio na MIT tunajua tu kwamba ukishaichenji elfu 10 imekwisha, ndiyo maana mtu anaizungusha siku mbili bila kuivunja. Kadi haichenjiki, kwa hiyo huna cha kuionea huruma.

Sasa usinielewe vibaya ukaenda kulala na milioni 2 chini ya godoro. Moto upo, vibaka wapo, na kuna mdogo wako anayejua kuchokoa kibubu kwa rula na ubani wa kutafuna (mimi nilikuwa mdogo wa namna hiyo). Kadi naitembeza, na usiku ukipeleka mgonjwa hospitali ndipo utakapoijua thamani yake. Ninachogomba ni hizi semina zinazotuambia wapenda keshi hawana elimu ya fedha. Yule dada wa rasta ana elimu ya fedha kunizidi mimi na mtoa semina. Anajua hasa pesa yake inavuja wapi, na inavuja kwenye ile meseji.

Mwenyeji wangu naye akamaliza kusukwa. Elfu 40. Nikajipapasa, mfukoni nina buku mbili na tiketi ya mwendokasi. Nikamwomba simu yangu, alikuwa nayo anaangalia picha, nikabonyeza ile lipa namba ya ukutani, nikampa tena aendelee na picha zake. Tukatoka.

Tulikuwa hatujafika kituoni simu ikalia tii! Akaitazama. Akaitazama tena, safari hii mstari wa mwisho.

"Kumbe!" akasema.

Jumamosi tunarudi Sinza. Ameniambia kuna na kucha.