Kinanda hupigwa, hakichezwi

Siku hizi masikio yangu hayana raha kila nifunguapo redio. Mtangazaji atupasha habari za tamasha, kisha asema, "Fulani alicheza piano vizuri mno." Mara ni gitaa linalochezwa, mara ni yeye mwenyewe: "Sasa nawachezea wimbo." Wapenzi wasomaji, nisikiapo hivyo mimi humwona mtu akinengua kiuno ukumbini, na piano kando yake haina wa kuipiga.

Chanzo chakijulikana. Mwingereza ana neno moja la mpira, karata na muziki, na watangazaji wetu, ambao habari zao nyingi huwafikia kwanza kwa Kiingereza, wamelihamisha lilivyo. Lakini Kiswahili kimezigawa kazi hizi tangu zamani. Apigaye ngoma ni mmoja, achezaye ngoma ni mwingine. Tusemapo mcheza kwao hutunzwa, twamkusudia aliye uwanjani akitupiwa pesa, si yule aliyeinamia chapuo jasho likimtoka. Tukiwachanganya, huyo wa chapuo ndiye apotezwaye jina la kazi yake. Kesho mwandishi akituandikia kwamba watu kumi walicheza chakacha, tutajuaje kama ni wachezaji au wapigaji? Marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa mpiga udi, na sijapata kusikia mtu wa pwani akimwita mcheza udi. Na ukimwambia mama mwenye nyumba kwamba mtoto anachezea kinanda, atakuja mbio, maana ajua chombo ki karibu kuvunjwa.

Wako waniambiao kwamba "kupiga" ni neno la ukali, halikifai chombo cha upole kama piano. Hebu na waulizwe: tupigapo pasi, magoti, hodi, chafya, picha na simu, huumia nani? Sisi tuliokaa chuoni tulianza sarufi ya Kiarabu kwa "dharaba", Zaidi akimpiga Amri kila siku bila ya kosa. Baadaye tukaja kuona kwamba kwa neno lilo hilo Waarabu hupiga udi, na katika Kurani tukufu ndilo litumikalo Mwenyezi Mungu apigapo mfano.

Tena kwa piano hasa, neno letu lina ukweli kuliko la Mwingereza. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Kiitaliano aliyeunda chombo hiki huko Florence mnamo mwaka 1700, aliona kwamba vinanda vikubwa vya zama zake vilidonoa nyuzi tu, na sauti haikuweza kukuzwa wala kupunguzwa kwa kidole. Yeye akatia vinyundo. Ubonyezapo kibao, kinyundo huruka kikaupiga uzi. Ukibonyeza kwa upole sauti huwa ndogo, ukitia nguvu huvuma. Ndipo chombo kikaitwa pianoforte, kwa maneno mawili ya Kiitaliano: piano ni kwa sauti ndogo, na forte ni kwa nguvu. Basi asemaye "anapiga piano" amesema jambo litendekalo hasa ndani ya lile sanduku. Mhispania naye husema anaigusa piano, Mwitaliano husema anailiza, na hakuna kati yao aliyeona haja ya kwenda kwa Mwingereza kuazima kitenzi.

Kinanda ni jina la zamani kwetu kuliko piano. Asili yake ni chombo cha nyuzi, ndugu wa udi, kiitwacho pia kibangala. Vilipokuja vinanda vya Wazungu, vya makanisani na vya majumbani, wazee wetu walivipa jina hilo pamoja na kitenzi chake, wala hawakutatizika. Leo katika arusi nyingi kinanda kimoja cha umeme hufanya kazi ya kundi zima la ala, na bado aketiye nyuma yake ni mpiga kinanda.

Sasa kumeingia amapiano kutoka Afrika Kusini, muziki uliozuka katika vitongoji vya huko miaka ya 2010. Jina lake ni piano iliyotiwa kiambishi cha wingi, mfano wa "ma" yetu. Vijana wa Majengo wakisema, "Leo twacheza amapiano mpaka alfajiri," wasisahihishwe na mtu. Hao wanakwenda kucheza kweli, na wa kupiga yuko mbele yao, kwenye mashine zake.