Nani Atambeba Anayetubeba?

Usiku mmoja wa masika, jijini Dar es Salaam, nilisimama kwenye ngazi za jengo la ghorofa nne nikiwatazama vijana wawili wa gari la wagonjwa wakimshusha mama mkwe wangu. Jengo halina lifti, na machela haikuweza kukata kona za ngazi. Wakamlaza katika shuka, mmoja akashika upande wa kichwa, mwenzake wa miguu. Tulipofika chini, kijana mmoja alishika kiuno na kunyooka kwa shida. Nilipompa pole, alijibu: "Tumezoea, mzee."

Neno hilo, "tumezoea", ndilo ninalotaka kulijadili, kwa sababu mazoea hayaponyi pingili za uti wa mgongo.

Tufanye hesabu. Mwaka 2007 Thomas Waters, mtafiti wa NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, alipendekeza kwamba mhudumu mmoja asinyanyue zaidi ya takribani kilo 16 za uzito wa mgonjwa kwa mikono mitupu, tena katika mazingira mazuri. Mgonjwa wa kilo 80 akibebwa na watu wawili, kila mmoja anabeba wastani wa kilo 40, ngazini, gizani, mwili ukiwa umepinda. Hapo hatuzungumzii tena uzembe wa mbebaji.

Hata hivyo, jibu letu la kawaida ni semina: kunja magoti, nyoosha mgongo. Mafunzo ni mema, lakini utafiti wa miaka mingi umeonesha kuwa mafunzo ya kunyanyua peke yake hayapunguzi majeraha. Sababu iko wazi. Kuli huchagua namna ya kulishika gunia. Mgonjwa hana vishikio, hutapatapa, na huweza kukukaba shingo ghafla. Semina isiyoambatana na vifaa humhamishia mfanyakazi lawama ya mwajiri.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Tunao pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini fidia huja baada ya kuumia, na maumivu ya mgongo aghalabu hayana tarehe. Hujijenga zamu baada ya zamu, hata siku mtu anaposhindwa kuinuka kitandani hakuna ajali ya kuandikia ripoti.

Suala hili linazidi kuwa zito kadiri huduma inavyopanuka. Kupitia mfumo wa m-mama na namba 115, madereva wa jamii huwasafirisha wajawazito na watoto wachanga pale gari la wagonjwa lisipopatikana. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini dereva huyo, asiye mwajiriwa wa halmashauri, akiteguka kiuno akimpakia mama garini, atadai fidia kwa nani?

Nitaambiwa bajeti ni finyu. Nakubali, na ndiyo maana siombi machela za umeme kesho asubuhi. Naomba zabuni ya kila gari la wagonjwa ijumuishe kiti cha kushushia wagonjwa ngazini na shuka laini la kumtelezesha mgonjwa kutoka kitandani hadi machelani. Naomba anayepokea simu aulize mapema uzito wa mgonjwa na ghorofa aliyopo, ili watu wa kutosha watumwe. Naomba kila maumivu ya kiuno yaandikwe siku yanapoanza, bila mfanyakazi kuonekana mvivu. Mawili ya mwisho yanahitaji uamuzi kuliko fedha.

Mama mkwe alipona. Kijana yule sijui yuko wapi, wala sikumwuliza jina. Nchi inayomshukuru mwokoaji kwa maneno, kisha ikamwacha azeeke kiuno akiwa na miaka thelathini, bado haijamshukuru.